Bei ya Kufika kwa Daktari: Mitwaba, Lubumbashi na Haut-Katanga

Katika jimbo la Haut-Katanga mgonjwa hulipa kabla ya kutibiwa, hulipa akiwa kitandani, na mara nyingi huendelea kulipa miezi kadhaa baada ya kupona kwa sababu alikopa. Malipo ya kwanza ni ya fishi, yaani karatasi inayoandikwa jina lake na ugonjwa wake. Baada ya fishi huja ada ya kuonwa, kisha vipimo vya maabara, dawa, sindano na seramu, kitanda, na kama kuna upasuaji, dhamana inayowekwa kabla daktari hajashika kisu. Mtu akiuliza kumwona daktari ni bei gani, anayemjibu humtajia fishi na ada ya kuonwa tu, na hizo mbili ndizo ndogo kuliko zote. Mzigo wenyewe uko kwenye dawa, vipimo na safari. Ndiyo maana bei iliyobandikwa ukutani inaweza kukaa mwaka mzima bila kubadilika huku gharama halisi ya ugonjwa ikipanda.

Daktari wa familia, anayeijua nyumba nzima tangu babu hadi mjukuu, hayumo katika mpangilio wa afya wa Kongo. Nchi imegawanywa katika zoni za afya 519, na kila zoni ina maeneo yake ya afya, kila eneo na kituo chake. Anayempokea mgonjwa kituoni ni muuguzi. Watu humwita munganga au dokta, na kazi anayoifanya kweli ni ya daktari: anapima, anaandika dawa, anazalisha, anaamua nani aende mbele. Daktari mwenyewe yuko kwenye hospitali kuu ya rufaa ya zoni. Kwa hiyo kumwona daktari ni ngazi ya pili, na kila ngazi ina bei yake. Anayeruka ngazi ya kwanza na kwenda moja kwa moja hospitalini hutozwa zaidi, kwa nia ya kumfundisha aanzie kituoni. Kanuni hiyo ina mantiki mahali ambapo kituo kina dawa. Pale ambapo rafu za dawa ni tupu, mgonjwa hulipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Wakazi wengi wa miji ya shaba hawakuzoea malipo hayo. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuwachukua wafanyakazi kwa muda mfupi na kuwazika wengi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwendo: iliwataka wanaume wakae kambini na wake zao na watoto wao, na ikajenga hospitali, nyumba za kuzalia na kliniki za kupima watoto wachanga. Haukuwa ukarimu. Kampuni ilikuwa imepiga hesabu kwamba mfanyakazi mwenye afya anazalisha zaidi, na kwamba mtoto aliyelishwa vizuri leo ndiye mchimbaji wa kesho. Tena ilidai utii kama malipo. Hata hivyo matokeo kwa familia yalikuwa halisi: mama alijifungua bila kufungua mkoba. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya Union Minière kutaifishwa, iliendelea hivyo hivyo, na kampuni ya reli nayo ilikuwa na hospitali yake Lubumbashi. Vizazi viwili vilikua vikijua kwamba matibabu yanakuja pamoja na kazi ya baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alipoandika mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi hao, aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Nje ya kambi hali ilikuwa nyingine. Vijijini, kama huko Mitwaba kaskazini mwa jimbo, matibabu yalitegemea zahanati za serikali na za misheni, na makanisa yaliendelea kubeba sehemu kubwa hata baada ya uhuru. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliweka lengo la afya ya msingi kwa wote. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo za Afrika kulipa lengo hilo umbo: katikati ya miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni 306, na mradi wa SANRU, uliosimamiwa na Kanisa la Kristo pamoja na Wamarekani kuanzia mwaka 1981, ulisaidia nyingi kati ya hizo kusimama. Fedha za serikali zilikuwa kidogo tangu hapo, na zoni kadhaa zilijigharimia sehemu kubwa ya matumizi yao kwa ada za wagonjwa. Mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walipokubaliana Bamako kwamba wananchi wachangie ili dawa zisiishe, Zaire ilikuwa tayari inafanya hivyo. Ada ilikusudiwa kuwa mchango tu. Mwenzake, yaani bajeti ya serikali, ndiye aliyetoweka.

Bajeti hiyo iliondoka kwa haraka. Mauaji ya wanafunzi kwenye chuo cha Lubumbashi Mei 1990 yaliifanya Ubelgiji isimamishe ushirikiano wake. Septemba mwaka huo mgodi wa Kamoto wa Gécamines uliporomoka. Uporaji wa mwaka 1991 na 1993 ulimaliza maghala, na mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita 9,000 kwa mia. Gécamines, iliyokuwa imezalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ilizalisha tani zipatazo 30,000 tu mwaka 1994. Hospitali zake zilibaki na majengo na wauguzi, lakini dawa zilikwisha. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000, waliokuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, waliondolewa katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Pamoja na kazi walipoteza haki ya kutibiwa, wao na jamaa zao. Hospitali za kampuni zilifungua milango kwa yeyote mwenye fedha, na mgonjwa wa Lubumbashi akajikuta mahali alipokuwa mgonjwa wa kijijini tangu zamani: mbele ya dirisha la malipo.

Tangu wakati huo ada imeacha kuwa mchango, ikawa ndiyo bajeti yenyewe. Familia za Kongo hulipa mfukoni takriban mbili kwa tano ya fedha zote zinazotumika kwa afya nchini, na sehemu kubwa ya zinazobaki hutoka kwa wafadhili wa nje, ambao huchagua magonjwa: kifua kikuu, UKIMWI, malaria, chanjo. Muuguzi wa serikali hupata mshahara mdogo au marupurupu ya hatari peke yake, na wengi hawana hata matrikule, yaani hawamo kwenye orodha ya watumishi wanaolipwa na Kinshasa. Kinachowaweka kazini ni mgawo wa mapato ya kituo. Fedha za mwezi huhesabiwa, sehemu hununua dawa, sehemu hulipa primu, yaani marupurupu ya wafanyakazi, sehemu hununua karatasi, mafuta ya jenereta na dawa ya kusafishia, na nyingine hupanda kwenda ofisi ya zoni na ngazi za juu yake. Mgonjwa anayelipa fishi Mitwaba analipia pia kalamu ya ofisi iliyo mbali naye. Kumlaumu muuguzi kwa bei hiyo ni kukosea mlango, kwani naye ana watoto wa kulisha, na serikali iliyomwajiri imemwachia ajitafutie kwa wagonjwa.

Sababu nyingine ya kupanda ni dola. Faranga ya Kongo ilizaliwa mwaka 1998 ikiuzwa chini ya faranga mbili kwa dola moja. Mwishoni mwa mwaka 2016 dola ilikuwa imefika karibu faranga 1,200, na mwaka 2023 ikapita 2,500. Dawa karibu zote huagizwa kutoka nje, nyingi India, na zile zinazoingia Katanga kwa barabara hupita mpakani Kasumbalesa baada ya safari ndefu kutoka bandari za kusini na mashariki. Ghala la dawa muhimu la Lubumbashi, CAMELU, liliundwa ili vituo vinunue dawa zilizopimwa ubora kwa bei ya jumla, nalo linanunua kwa fedha za kigeni kama wengine. Mapato ya mgonjwa hayana dola ya kukimbilia. Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa faranga 7,075 kwa siku, zaidi kidogo ya dola nne kwa bei ya wakati huo. Miaka mitano baadaye kiasi kile kile kilikuwa hakifiki dola tatu, na serikali haikukipandisha hadi mwaka 2025. Tena hao ni wenye kuajiriwa. Muuza makaa, mkulima wa mahindi na mchimbaji wa kienyeji hawana kima chochote.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtibie mfanyakazi, mke au mume wake na watoto wao. Kampuni za madini zilizokuja baada ya mwaka 2002 hutimiza wajibu huo kwa kuingia mkataba na kliniki za mjini, na bili hulipwa mwisho wa mwezi. Kliniki inayolipwa na kampuni haina haja ya kushusha bei. Inanunua mashine mpya, inapaka rangi, na kuwavuta madaktari waliofundishwa kwa fedha za umma. Mtaani, kwenye manispaa za Lubumbashi kama Kenya, Katuba au Kampemba, hospitali za serikali hubaki na wasio na mkataba wowote. Hivyo katika mji mmoja bei hupangwa na uwezo wa kampuni, na asiye na kampuni huifuata akiwa nyuma.

Mitwaba inaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi, kwa sababu huko umbali nao ni bei. Teritwari hiyo, iliyo upande wa kaskazini wa jimbo, karibu na milima ya Kibara na mbuga ya Upemba, ina zoni mbili za afya, Mitwaba na Mufunga-Sampwe. Kutoka Lubumbashi ni safari ya zaidi ya kilometa 400. Lami inakwenda hadi Likasi, kilometa zipatazo 120. Baada ya hapo ni barabara ya udongo inayopita Bunkeya, na tangu Novemba hadi Aprili mvua huikata. Sanduku la dawa linalopakiwa Lubumbashi hupanda bei kila lori linapokwama. Mgonjwa naye husafiri upande wa pili: kutoka kijijini hadi kituoni kwa baiskeli, amefungwa kwenye kiti cha nyuma au kubebwa kwenye machela, kisha kwa pikipiki hadi hospitali kuu. Nauli ya pikipiki inaweza kuzidi ada ya kuonwa mara kadhaa. Akitakiwa kupelekwa Lubumbashi, kwenye hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, familia hulazimika kumlipia msindikizaji, chakula cha wote wawili, na mahali pa kulala kwa ndugu wa ukoo, kama yupo. Hospitali za Kongo kwa kawaida hazimpikii mgonjwa. Sufuria na unga ni juu ya jamaa.

Vita vimeongeza deni. Kati ya mwaka 2002 na 2006 wanamgambo wa Mai-Mai na askari waliotumwa kuwakabili walichoma vijiji vya Mitwaba, Pweto na Manono, hata eneo hilo likaitwa pembetatu ya mauti. Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo, alijisalimisha Mitwaba Mei 2006. Miaka michache baadaye alitoroka gerezani Lubumbashi, na ghasia zikarudi. Wakati wa dharura mashirika kama Madaktari Wasio na Mipaka yalitibu bila malipo, na foleni zilionyesha wagonjwa walikuwa wapi siku zote: majumbani, wakisubiri. Dharura ilipokwisha mashirika yaliondoka na fishi ikarudi. Watu waliopoteza mbuzi, mbegu na zana walirudishwa kwenye bei ya kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna jambo moja ambalo wapangaji wa Kinshasa hulisahau kirahisi. Mkulima wa Mitwaba ana fedha baada ya mavuno, Mei hadi Julai, wafanyabiashara wanapokuja kununua mahindi. Malaria humjia wakati wa mvua, ghala likiwa limepungua na mkoba mtupu. Bei ambayo mwezi wa Juni ingelipika, mwezi wa Januari hailipiki, hata kama namba haijabadilika. Mchimbaji wa kasiteriti, yaani madini ya bati, naye hupata leo na kukosa wiki ijayo. Umaskini wa namna hii unahusu wakati kuliko kiasi, na mpango wowote wa malipo usioangalia kalenda ya shamba huanza vibaya.

Watu hujibu bei kwa njia zinazojulikana. Kwanza husubiri. Homa hupewa siku mbili, tatu, mtoto anapewa vidonge vilivyobaki vya ndugu yake. Kisha hununua dawa kidogo kidogo kwenye famasi ya mtaani au kwa mchuuzi sokoni, vidonge vinne vya dawa inayotakiwa kumezwa ishirini. Malaria iliyotibiwa nusu hurudi, na mtoto anayefika hospitalini siku ya tano amepungukiwa damu, anahitaji kuongezewa, na gharama imekuwa mara nyingi ya ile ambayo familia iliikwepa siku ya kwanza. Hapo ndipo baiskeli huuzwa, simu huachwa rehani, mahindi huuzwa yakiwa bado shambani. Likelemba, mchezo wa kuchangiana wa akina mama, husaidia zamu ikiangukia vizuri. Kanisa huchanga. Mwisho kabisa huja kuzuiliwa: mgonjwa aliyepona hatolewi hospitalini hadi deni lilipwe. Watafiti waliochunguza mwaka 2016 akina mama waliojifungua katika hospitali kubwa ya jimbo mjini Lubumbashi walikuta kwamba karibu nusu ya waliokuwa na deni walizuiliwa pamoja na watoto wao wachanga. Ni jambo la kuumiza, na halina faida hata ya kihesabu: aliyezuiliwa anashika kitanda, hana kazi ya kumwingizia kitu, na jirani anayesikia habari zake huamua kuzalia nyumbani. Hayo hutokea ingawa Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya.

Nafuu zilizojaribiwa hazilingani. Iliyo rahisi zaidi ni bei moja kwa ugonjwa mzima. Badala ya kutozwa kila sindano na kila kipimo, mgonjwa hulipa kiasi kimoja kinachojulikana kabla hajaingia, na kituo hubeba kinachozidi. Zoni nyingi zilizosaidiwa na wafadhili zimetumia njia hiyo. Inamwondolea mgonjwa hofu ya bili isiyojulikana, na inamwondolea muuguzi kishawishi cha kuongeza seramu isiyohitajika ili apate primu. Lakini inasimama tu ikiwa kuna anayejaza pengo kati ya bei hiyo na gharama yenyewe. Mfadhili akiondoka, bei hupanda mwezi unaofuata.

Nafuu ya pili ni kulipa pamoja kabla ya ugonjwa, na Kongo ina mfano wake ambao haukuigwa vya kutosha. Huko Bwamanda, kaskazini magharibi mwa nchi, hospitali ilianzisha mwaka 1986 bima ya kulazwa. Kila mtu wa nyumba alilipiwa mara moja kwa mwaka kiasi kinacholingana na bei ya kilo mbili hivi za soya, na makusanyo yalifanywa wakati wakulima wana fedha mkononi. Aliyelazwa alilipa sehemu moja tu kwa tano ya bili. Makumi ya maelfu walijiunga. Udhaifu wake nao ulionekana mapema: wanachama walioishi mbali na hospitali waliitumia kidogo kuliko walioishi jirani, ingawa wote walilipa sawa. Kwa Mitwaba, mahali pa vijiji vilivyotawanyika, funzo hili la pili lina uzito kuliko la kwanza: bima isiyolipia nauli inamfaidi mwenye nyumba kando ya hospitali. Walimu wa shule wa Kongo wana mfuko wao wa bima, ambao michango yake hukatwa kwenye mfumo wa mishahara, na sheria ya Februari 2017 imeweka kanuni za vyama vya namna hiyo. Rwanda ilikwenda mbali zaidi kwa kufanya uanachama kuwa wajibu. Mwaka 2011 iligawa michango kwa uwezo wa nyumba, faranga za Rwanda 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu, na maskini wa mwisho wakalipiwa. Bima ya hiari kati ya maskini peke yao huishia kuwa mfuko wa wagonjwa, na mfuko wa wagonjwa hukauka.

Nafuu ya tatu ni kufuta ada. Uganda ilizifuta katika vituo vya serikali Machi 2001, na wagonjwa waliongezeka sana, hasa maskini. Zambia, ambayo watu wa Haut-Katanga wanaitazama ng'ambo ya mpaka, ilizifuta vijijini Aprili 2006. Burundi ilifanya hivyo mwaka huo huo kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Kote huko tatizo lililofuata lilikuwa moja: wagonjwa walikuja kabla dawa hazijafika. Kongo ilianza Septemba 2023, Kinshasa, mpango wa kuzaa bila malipo na kumtibu mtoto mchanga, kisha ikaanza kuupeleka majimboni kwa awamu. Mpango huo unalenga mahali sahihi, kwa sababu upasuaji wa uzazi ndio bili inayofilisi familia changa kuliko nyingine yoyote. Uhai wake unategemea kasi ya malipo. Mama haombwi kitu, kituo huandika ankara, na serikali huilipa. Ankara ikikaa miezi, muuguzi hukosa primu, rafu hubaki tupu, na mama huandikiwa karatasi aende kununua glavu na uzi wa kushonea famasini. Hilo ni malipo, hata kama halina fishi.

Kuhusu fedha, jimbo hili haliwezi kudai halina. Kanuni ya madini ya Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini: nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa eneo la utawala, yaani sekta, chiferi au manispaa, ambamo mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba hutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi wa karibu. Fedha hizo zimejenga majengo mengi ya zahanati, kwa kuwa jengo huzinduliwa na kupigwa picha. Mshahara wa muuguzi, akiba ya dawa ya miezi sita na nauli ya mgonjwa wa rufaa havizinduliwi. Hata hivyo hivyo vitatu ndivyo vinavyounda bei, na hakuna katika kanuni kinachokataza robo ya jimbo kuvilipia. Mitwaba ina kasiteriti inayochimbwa kwa mikono na migodi mikubwa ya shaba iko mbali nayo, hivyo mgawo wake wa asilimia 15 ni mdogo. Zahanati zake zinaweza kusaidiwa na sehemu ya jimbo peke yake, ile inayoamuliwa Lubumbashi katika bajeti ya kila mwaka, ambamo kifungu cha afya husomwa na wabunge wa jimbo, akiwamo aliyechaguliwa na watu wa Mitwaba.